Maandishi Ndani ya Ngoma

Mzinga wangu wa kwanza wa ngoma, yaani kiwiliwili chake, niliumimina uani kwangu, mtaa wa Alum Rock: shaba iliyoyeyushwa kwanza, bati mwisho, na nyusi zangu zikaungua. Aliyeununua, mpiga ngoma wa harusini anayeishi mtaa wa Edgbaston, aliwaambia watu mbele yangu kwamba kautengeneza kwa mikono yake. Nikatabasamu. Alipoagiza wa pili nikamwambia, "Karibu sana, kaka."

Safari hii, kwenye mchanga wa katikati, ule unaoacha uwazi ndani ya mzinga, nilichonga herufi kinyumenyume ili zitoke sawa kwenye shaba. Alipokuja kuuchukua aliupapasa nje tu, akaenda kuuwamba ngozi. Fundi wa kweli angeanza kukagua ndani.

Nilingoja miezi saba. Kwenye harusi moja niliyoalikwa, alipokuwa akipiga, ngozi ikapasuka katikati ya wimbo. Akaing'oa palepale, mzinga ukabaki wazi chini ya taa. Shangazi wa bibi harusi akachungulia, akasoma kwa sauti: "Anayenipiga akisema kanitengeneza, muulizeni bati hutiwa lini."

Wakamuuliza. Akanitazama mimi, macho yakiomba. Nilikuwa na mfupa wa mbuzi mdomoni, nikaendelea kuutafuna.