Kahawa ya Kutafuna

Nikifungua kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwa jani la mgomba, harufu yake hunirudisha utotoni, nikimfuata mama kwa jirani. Mama alikuwa amemwita jirani mwizi, yeye na mbuzi wake aliyekula maharage yetu, na kesho yake ilikuwa Meza ya Bwana, ambayo mwenye ugomvi haisogelei. Njiani aligeuka kurudi nyumbani, akasimama kidogo, akageuka tena kuelekea kwa jirani.

"Karibuni kwa wezi," jirani alisema.

Mama alipiga magoti, akamnyooshea kahawa ya kuomba amani. "Nisamehe, mama mwenzangu. Ni mdomo wangu."

Jirani alichukua punje moja, akatafuna polepole. "Na mbuzi naye umwombe."

Juzi nami nilimtukana jirani yangu. Kahawa ya kumpelekea iko mkononi. Kiatu cha pili nimekitafuta tangu asubuhi, kumbe nimekivaa.