Tabitha wa Masama, Aliyebeba Mkungu Hadi Ibadani

Alizaliwa Masama, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mwezi wa Septemba mwaka 1986, kahawa ikiwa imeiva na kila mkono ukihitajika shambani. Wa huko husimulia kwamba mama yake aliacha kikapu nusu, akaenda akajifungua, akanywa mtori, supu ile ya ndizi, kisha akauliza ni nani aliyemalizia kuchuma mti wake. Baba yake, Elimringi, alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wa Kilutheri, mtu wa maneno machache na maombi marefu. Akampa binti jina la Tabitha, yule mwanamke wa Yafa aliyewashonea wajane nguo. Kipaji hakikufuata jina: Tabitha huyu hakuwahi kushona kifungo kikakaa mpaka Jumapili. Kanisa la kwao halina desturi ya kuwatangaza watu kuwa watakatifu. Lakini hata mgomba hautangazwi, na watu huenda penye ndizi.

Alikulia katika siku ambazo wengi sasa wanazikumbuka kwa kuugua moyoni: maua ya kahawa yakinukia mpaka kitandani, maji ya mfereji yakipita nyuma ya jiko, na kengele ya asubuhi ikiwaamsha wacha Mungu na wavivu kwa pamoja. Jumapili kila nyumba ilibeba sadaka ya shambani, huyu mkungu wa ndizi, yule mayai, mwingine jogoo aliyefungwa miguu na aliyewika katikati ya mahubiri. Baada ya baraka, mazao yalinadiwa nje, watu wakicheka na kutaniana, na hapo kwenye mnada ndipo mtu alipojua nani mgonjwa, nani amefiwa, nani ana mchumba. Tabitha aliamini kwamba ndivyo Wakristo wote wa dunia wanavyomaliza ibada.

Mwaka 2007 akashuka Moshi kusomea ualimu, akapanga chumba Njoro pamoja na Hilda, binti Mkatoliki wa Kibosho, mwenye ulimi mkali na moyo laini. Mji ulimtisha kwa jambo moja tu: hakuna aliyemwuliza ametoka wapi. Alikwenda kanisani, akaimba, akatoka, na hakuna aliyejua kama ameingia. Akiinua macho aliuona mlima ule ule wa kwao, lakini hata mlima, toka huku chini, ulionekana kama mtu anayekufahamu na kujifanya hakuoni. Ndipo akasikia kwamba wanafunzi wana ushirika wao kila Ijumaa jioni chuoni. Mama yake alikuwa ametuma mkungu. Tabitha akajifunga kanga, akaubeba kichwani, akaingia darasani walimokusanyika, akauweka mbele, karibu na Biblia, kama inavyopasa.

Mwenyekiti wa ushirika alikuwa Praygod, kijana aliyezaliwa mjini, mwenye tai nyembamba na sauti nene. Akautazama mkungu, akamtazama mwenye mkungu.

“Dada, hapa tunaabudu. Ndizi zinauzwa sokoni.”

Darasa zima likacheka. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, “Mama Mnada amefika!” Tabitha akauinua mkungu wake, akarudi nao Njoro, akafungasha nguo. Aliazimia kupanda Masama asubuhi, aachane na ualimu, akaolewe na yeyote mwenye ng'ombe.

“Nyumbani utawaambia nini?” akauliza Hilda. “Kwamba umefukuzwa na ndizi?”

“Nitawaambia mjini hakuna Wakristo.”

“Mimi je?”

“Wewe Mkatoliki.”

“Haya, Mlutheri. Ondoka. Ila hizo ndizi upike kwanza, maana mimi sibebi mzigo wa mtu aliyekasirika.”

Wakapika kiburu, ndizi na maharage yakapondwa pamoja, kwenye sufuria kubwa ya mama mwenye nyumba. Harufu ikapita mlango kwa mlango. Wanafunzi wa vyumba vya jirani, waliozoea chai na mkate mkavu, wakaja mmoja mmoja wakijifanya wanaazima chumvi. Walipokwisha kula, mmoja akaanzisha wimbo wa kitabuni, taratibu, kama unavyoimbwa milimani, na wengine wakaitika hali wakilamba vidole. Kisha wakaulizana: wewe wa wapi, baba hajambo, nani anaumwa nyumbani. Tabitha alikuwa akisugua sufuria alipogundua kwamba amesahau kuondoka.

Basi ikawa desturi kila Ijumaa. Na kwa kuwa saa ilikuwa ile ile, darasa la Praygod likaanza kupungua watu. Habari ikaja kwamba amehubiria viti, kwamba anasema yuko mwanamke anayeligawa kundi la Kristo kwa kijiko. Waliokuwa Njoro wakaapa hawarudi. Waliobaki chuoni wakaapa hawawasalimii. Nyumba aliyoipata Tabitha ugenini ilikuwa imejengwa juu ya ufa, na yeye peke yake ndiye aliyeujua ufa ulipoanzia.

Likizo fupi ikampeleka nyumbani. Huko, mtu aliyemkosea mwenzake huchuma jani la isale, mmea ule wa majani marefu unaopandwa mipakani na makaburini, akalifunga fundo, akampelekea. Anayeletewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Mama yake alipomwona amesimama mpakani mwa kihamba, shamba lao la ukoo, akacheka.

“Umemkosea nani, mwanangu?”

“Aliyenicheka.”

“Basi yeye ndiye alete!”

“Yeye hana kihamba, mama. Na mimi nina kosa langu.”

Ijumaa iliyofuata hakuwasha moto. Akaenda chuoni, na wenzake wa Njoro wakamfuata kwa udadisi, kwani binadamu huukosa mkesha lakini haukosi ugomvi. Akasimama pale pale alipouweka mkungu, jani la isale lenye fundo mkononi.

“Kaka Praygod, nilipoambiwa viti vyako viko vitupu, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaimba. Nisamehe.”

Praygod akaliona jani, akarudi nyuma.

“Hayo ni mambo ya mila. Sisi hatuabudu majani.”

“Wala mimi. Lakini nimelitoa Masama, na nikirudi nalo mama ataniuliza.”

Watu wakataka kucheka, wakashindwa. Praygod akalipokea. Akalifungua fundo, akalipasua kwa urefu, akamrudishia nusu.

“Mimi sina kihamba,” akasema, na sauti nene ilikuwa imekwisha. “Sijui pa kuchuma la kwangu.”

Tangu siku hiyo ushirika ukawa mmoja, na mezani mbele pakawekwa ndizi kando ya Biblia. Tabitha alihitimu, akarudi Masama kufundisha, na nyumba yake haikukosa mwanafunzi mpweke. Maajabu hayakosekani. Husemwa kwamba Ijumaa moja sufuria yake ililisha darasa zima na haikuisha. Hilda, aliyekuwa akipakua, anasema iliisha vizuri kabisa; ila aliyekosa alikuwa mmoja, Tabitha mwenyewe, naye alikaa akichokonoa meno ili asijulikane.

Aliugua, akalala katika Bwana Machi 2021, nyumbani, kengele ya asubuhi ikilia. Aliyemzika ni Praygod, ambaye sasa alikuwa mchungaji, na ndani ya Biblia yake, wote waliona, lilikuwamo jani kavu lililopasuliwa nusu. Kaburi la Tabitha limezungushiwa isale, na wenye magomvi huja kuchuma hapo, Walutheri kwa Wakatoliki. Hilda husema mwenzake angekuwa Mkatoliki angekwisha kupewa sikukuu.

Anayetaka kumwiga asianze kwa kufunga wala kukesha. Aanze kwa yule ambaye yeye mwenyewe hufurahia aibu yake. Na akifika kaburini achume majani ya chini, ya juu ayaache yakue, maana tunaogombana bado tuko wengi.