Miguu ya Namba Tisini na Nne

Saa kumi na moja kasorobo jioni, Jumamosi ya mwisho wa Aprili, Mwende Mutisya anarudisha nyuma video ya sekunde sita kwa mara ya kumi na tano. Chumba chake kiko juu ya saluni, Thornton Heath, kusini mwa London. Chini mashine za kukaushia nywele zinanguruma. Huku juu simu iko mezani, naye anaitupia jicho kila mara kama mtu aliyeacha maziwa jikoni.

Kwenye kompyuta wanaume ishirini na wawili wanagongana. Mwende hana habari na mpira.

"Wanaotazama mpira ni mashabiki," anasema. "Mimi nalipwa kutazama miguu."

Mwende, mwenye umri wa miaka 44, ni msaka vipaji wa timu moja ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa helmeti na mabega ya plastiki. Ameomba tusiitaje timu. Kila Aprili timu za ligi hiyo hutumia siku tatu kuchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni, raundi saba. Anayeitwa jina, maisha yake yamebadilika. Asiyeitwa labda ataalikwa mazoezini kujaribiwa, labda atarudi nyumbani kutafuta kazi.

Leo ni siku ya tatu. Raundi ya tano itafika mnamo saa moja na nusu, na timu yake imepanga kumwita Zephaniah Mghoi, kijana wa miaka 22 aliyekulia Stratford, mashariki mwa London, na sasa anachezea chuo kidogo Marekani. Imepanga hivyo kwa sababu ya ripoti ya Mwende, wala si kwa sababu nyingine.

"Akiitwa, nimemwita mimi," anasema. "Asipoitwa, pia ni mimi."

Alizaliwa Kangundo, akaja Uingereza akiwa na miaka 23 kusomea uuguzi. Masomo yakamshinda kwa karo, lakini mchezo haukumshinda. Rafiki yake mmoja alimpeleka kwenye klabu ya wanawake ya futiboli hii bustanini, naye akacheza miaka tisa hadi mfupa wa bega ulipovunjika. Akiwa kitandani alianza kukata video za wenzake na kuwaandikia makosa yao. Video hizo zilizunguka, zikamfikia mtu Marekani.

Sasa siku tatu kwa wiki anahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, na siku nne ni za video. Timu inamlipa pauni 1,400 kwa mwezi, kwa mkataba wa mwaka mmoja unaokwisha mwezi ujao. Msimu huu ametazama mechi 212.

"Watu wa kwetu wakiniuliza kazi, nasema natazama runinga," anasema. "Wananihurumia."

Zephaniah, Mwende hakumgundua kwenye video. Mama yake, Placida, anayefanya kazi ya kuelekeza abiria katika stesheni, husali pamoja na Mwende kwenye misa ya Kiswahili. Mwende amekula kwa Placida mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Kijana alipoingia kwenye orodha ya wanaoweza kuchaguliwa, Mwende alimpigia bosi wake, Mmarekani aitwaye Douglas, akamweleza wazi kwamba huyu ni kama mwanawe.

"Akaniambia, basi mtazame mara mbili. Nikamtazama mara tano."

Kilichomshawishi ni mechi moja ya Novemba, iliyochezwa kwenye tope na mvua. Kazi ya Zephaniah ni kumfukuzia mrushaji wa mpira wa timu pinzani na kumwangusha kabla hajarusha. Siku ile, katika kipindi cha pili, namba 94 alimwangusha mrushaji mara tatu. Namba 94 ni Zephaniah. Kabla ya mechi ile Mwende alikuwa amemwekea alama ya kijana wa kujaribiwa tu. Baada yake akaandika: achaguliwe.

Saa kumi na mbili na robo simu inalia. Ni Douglas. Makocha wanataka kuona vipande vitatu vya video za Zephaniah kabla zamu yao haijafika. Mwende anavijua vipande hivyo kwa moyo. Anafungua mechi ya tope, anaanza kukata.

Mkono wake unasita juu ya kipanya.

Anarudisha nyuma. Anasogea karibu na kioo. Namba 94 anainama kabla ya mchezo kuanza, na mkono anaouweka chini ni wa kulia. Zephaniah haweki mkono wa kulia chini. Alivunjika kifundo cha mkono huo akiwa na miaka 16, na Placida ndiye aliyemweleza Mwende hilo, mezani kwake.

"Hapana," Mwende anasema taratibu. "Hapana, hapana."

Anatazama miguu. Kipindi cha kwanza, namba 94 anaondoka kwa mguu wa kushoto. Kipindi cha pili, mguu wa kulia, na hatua ni ndefu zaidi. Anaanza kuchambua picha za benchi, moja baada ya nyingine, mpaka anaipata: Zephaniah amekaa ndani ya koti kubwa, kifundo cha mguu kimefungwa barafu. Na uwanjani, namba 94 anacheza.

Kwenye mchezo huu mchezaji ambaye jezi yake imelowa damu haruhusiwi kuendelea nayo. Vyuo tajiri hubeba jezi za akiba. Hiki ni chuo kidogo. Kama itakavyojulikana baadaye, Gires Bahati, mchezaji wa akiba wa namba 58, jezi yake ililowa damu, Zephaniah alikuwa ameumia, basi Gires akavalishwa jezi ya mwenzake. Tope lilifunika majina migongoni. Mtangazaji aliendelea kusema Mghoi, karatasi ya takwimu ikaandika Mghoi, na Mwende Mutisya, anayelipwa kutazama miguu, siku hiyo alitazama namba.

Lakini si hilo linalomuuma zaidi. Mwezi Februari alimhoji Zephaniah kwa video na kumuuliza kuhusu mechi ile. Kijana aliinamisha macho, akasema timu ilicheza vizuri. Msaka vipaji mwingine angembana. Mwende alifurahi moyoni, akaandika kwenye ripoti: hajisifu.

"Nilimwona ni mtoto aliyelelewa," anasema. "Ningekuwa Mmarekani ningemuuliza mara ya pili. Mimi nikaona adabu, nikafunga daftari."

Saa moja kasoro kumi. Anampigia. Zephaniah yuko Marekani, kwa kocha wake, anasubiri kama wenzake wote. Mwende anaweka sauti ya simu juu.

"Zeph, nani alivaa jezi yako kipindi cha pili?"

Kijana anajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ni Gires, na kwamba alidhani wangeona wenyewe.

"Mbona hukuniambia?"

"Anti, kila mtu alikuwa amefurahi," anasema. Kisha anauliza kama mama yake anajua.

Mwende anakata simu. Anasimama, anakaa, anasimama tena. Kule Stratford Placida amekodi ukumbi mdogo. Kuna pilau, kuna watu arobaini, kuna runinga kubwa. Na hakuna mtu mwingine duniani anayetazama mkono wa kulia wa namba 94. Anajua akinyamaza kijana ataitwa, ukumbi utalipuka, na mkataba wake yeye Mwende utaongezwa. Anayasema haya kwa sauti, bila kutuficha.

"Na mwezi wa nane atasimama mbele ya watu wa kilo 150 wakidhani ni yule mwingine," anaongeza. "Watamvunja."

Anapiga moyo konde. Saa moja na dakika saba anampigia Douglas na kumweleza yote kwa sentensi nne.

"Una uhakika?" Douglas anauliza.

"Nina uhakika. Vile vipande si vyake. Kosa ni langu."

Upande wa pili kuna sauti za watu, kisha mlango unafungwa. Douglas anasema watazungumza Jumatatu. Hasemi kwaheri.

Saa moja na dakika arobaini zamu yao inafika. Dakika tano zinahesabiwa kwenye kona ya runinga. Mwende amekumbatia magoti kwenye kiti, kama anayesubiri daktari. Jina linasomwa. Si Mghoi. Ni kijana wa chuo kingine kabisa, na Mwende anafunika uso kwa viganja vyote viwili.

Simu inaanza kulia hapo hapo. Ni Placida. Inalia mpaka inakatika, inalia tena. Mara ya tatu anaipokea.

"Dada, wamempita. Ni kawaida?" Placida anauliza. Nyuma yake watu wanaongea wote kwa pamoja.

Mwende anamweleza. Hatii chumvi, hapunguzi. Anamwambia kwamba ni yeye aliyempigia bosi.

Placida anatoka nje ya ukumbi; sauti za watu zinafifia.

"Umekula kwangu, Mwende," anasema.

"Nimekula, Mama Zeph."

"Huyo mwingine ana mama?"

"Anaye."

"Basi kampigie yeye. Mimi nimeshasikia."

Raundi ya saba inakwisha bila jina la Zephaniah wala la Gires. Jumapili mchana timu nyingine inamwalika Zephaniah mazoezini kujaribiwa, bila ahadi yoyote, alama ileile Mwende aliyompa mwanzo. Siku hiyo hiyo Douglas anatuma ujumbe wa mstari mmoja: lete ripoti ya yule wa pili. Kuhusu mkataba, hakuna neno.

Mwende ameiandika ripoti hiyo, kurasa tatu. Pia amempigia mama yake Gires, mzaliwa wa Bukavu anayefanya usafi hotelini huko Marekani. Mama huyo alikuwa anajua mwanawe anakaa benchi tu. Aliuliza mara mbili: "Mutoto yangu anacheza muzuri?" Mwende akamwambia anacheza vizuri sana, na kwamba mtu alipaswa kumwambia hivyo tangu Novemba.

Sasa anangoja Mei iishe. Ukiongezwa mkataba, anasema, ataendelea kutazama miguu. Usipoongezwa, wazee anaowahudumia wapo. Hilo halimnyimi usingizi.

Placida hapokei simu zake tangu Jumamosi. Jumapili ijayo, baada ya misa, Mwende anapanga kupanda treni hadi Stratford na kubisha mlango wake.

"Akifungua, nitakaa," anasema. "Asipofungua, nitarudi Jumapili nyingine."