Mtaalamu wa Matumbawe wa Lodwar

Namuria alizaliwa Lowarengak, kando ya Ziwa Turkana, na kwa sababu hiyo waliomfadhili wakampeleka Pwani kusomea viumbe vya bahari. Hoja yao ilikuwa kwamba maji ni maji. Kule alipiga mbizi karibu na Malindi, akichunguza jinsi matumbawe yanavyofukiwa na tope ambalo mto huleta kutoka bara. Alipohitimu akarudi nyumbani, akaajiriwa katika ofisi moja ya maji mjini Lodwar. Akawa mtaalamu pekee wa matumbawe katika Turkana nzima, ambayo haina hata tumbawe moja.

Mkubwa wake, Bwana Omollo, aliiheshimu shahada yake kiasi kwamba hakuthubutu kuitumia. Alimpa kazi ya kuandaa warsha na kupokea wageni. Ndipo malalamiko yakaja kutoka Kakuma: silanga, bwawa la kunyweshea mifugo, lilikuwa limechimbwa juzijuzi na tayari limejaa tope.

"Madam," Omollo alisema, "wewe si ulisomea tope?"

Namuria alieleza kwamba alisomea madhara ya tope kwa matumbawe.

"Basi nenda. Tope ni tope."

Kamati ya silanga iliongozwa na Atiir, mama mfugaji ambaye mbuzi wake wawili walikuwa wamenasa matopeni na kufa wakitafuta maji. Namuria alisalimia kwa Kiturkana, ejok, kisha kwa woga akaanza kusema kile alichokijua. Tumbawe, alisema, ni mnyama mdogo anayejijengea nyumba ya mawe. Mwilini mwake hukaa vijimea vidogo sana vinavyompikia chakula kwa mwanga wa jua. Maji yakichafuka, jua halifiki, jiko linazima. Tope likimtua mgongoni, hutoa ute kujisafisha, na nguvu zinamwishia katika kufagia. Wanawe nao hawawezi kushika juu ya tope; wanahitaji jiwe safi.

Atiir alisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo mnyama iko na miguu?"

"Haina, mama."

"Sasa tope ikikuja, inahama namna gani?"

"Haihami. Inakufa hapo hapo."

Akina mama wa kamati walimhurumia. Mfugo usioweza kuhama ulikuwa msiba walioufahamu vizuri. Mmoja aliuliza kama haiwezekani kulizuia tope hukohuko linakotoka, kabla halijamfikia maskini huyo. Namuria alisema ndivyo alivyopendekeza kwenye utafiti wake, ila mashamba ya bara yako mbali sana na bahari, na wenye mashamba hawajawahi kuyaona matumbawe.

Hapa, chanzo hakikuwa mbali. Walipanda korongo pamoja. Juu, miti ilikuwa imekatwa kwa makaa na ardhi ilikuwa uchi. Chini yake, pale hasa maji yanapoingilia silanga, palikuwa na kilima kirefu cha udongo: ule uliochimbwa silangani, ukamwagwa hapo kwa kuwa palikuwa karibu.

Namuria alirudi ofisini na pendekezo: kilima kihamishwe, mawe yapangwe kukatiza korongo, nyasi zipandwe. Omollo alilisifu sana. Kisha akatuma tingatinga lichimbe silanga upya, maana fedha zilitengwa kwa kuchimba, si kwa mawe. Udongo mpya ukamwagwa juu ya ule wa zamani.

Namuria aliomba likizo. Aliitumia Kakuma, akibeba mawe na akina mama, mikono ikichubuka. Walipanga safu juu ya safu korongoni, na moja ndefu zaidi kukizunguka kilima. Jioni alijiona mjinga. Alipolala alilala vizuri, jambo ambalo warsha hazikuwahi kumpa.

Mvua ilinyesha kwa fujo. Maji yalipopita, tope kubwa lilikuwa limekwama nyuma ya mawe, na silanga likabaki na kina. Wiki chache baadaye nyasi ziliota penye tope hilo.

Ofisi ilifurahi. Ikatangaza mafanikio ya tingatinga, na Namuria akaagizwa kuandaa sherehe hapo silangani: mahema, viti, vipaza sauti. Aliviandaa bila kasoro. Omollo alikuwa katikati ya hotuba wakati mbuzi walipovamia nyasi na kuyaporomosha mawe ya safu ya kwanza. Atiir aliinuka, akamgusa Namuria begani.

"Kuja, mwanangu. Huyu bado anaongea."

Namuria alivua viatu vyake vya ofisi, akaviacha chini ya kiti, akamfuata korongoni.