Jiwe Lililotoka Kaburini kwa Mama

Kaka yangu alikuwa ameshaleta sururu kabla sijafika. Niliiona nikiwa bado juu ya pikipiki, imeegemezwa kwenye ukuta wa jiko, mpini wake mpya, na koleo pembeni. Nilishuka nikiwa nimejaa vumbi la njia yote ya kutoka Maswa mjini hadi kwetu Shishiyu, na kabla sijamsalimia mtu nilikuwa nimeshakasirika. Hasira zangu ziko karibu, hilo mama alilisema tangu nikiwa mdogo. Lakini siku ile nilikuwa na sababu, maana sururu ile ililetwa kwa ajili ya kaburi lake.

Mama alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Aliomba azikwe nyumbani, kando ya zizi, mahali pale pale alipokuwa akikaa kuchambua pamba. Vijana wa kijiji waliochimba kaburi walikaribia kumaliza ndipo wakagonga mwamba, na katika mwamba ule kulikuwa na mshipa mweupe wa mawe. Ndani ya mshipa kulikuwa na kishimo chenye udongo laini, na ndani ya udongo jiwe moja, urefu wa kidole gumba, rangi yake bluu iliyochanganyika na kijani, angavu kama maji ndani ya glasi. Walimpa baba. Baba alikuwa kwenye msiba, aliliweka dirishani akalisahau.

Kaka hakuwa mtu wa kusahau jiwe. Alikuwa amemaliza miaka tisa kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, akarudi nyumbani na mgongo mbovu na kikohozi, mikono mitupu. Alipolikuta lile jiwe dirishani akanipigia simu.

"Chini ya mama kuna mali," alisema. "Watu wanahamishwa kila siku kupisha barabara. Tutamhamisha kwa heshima, padri atakuja, ng'ombe atachinjwa. Yeye mwenyewe angekubali."

Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Ndipo baba akachukua simu. Alikuwa amechoka na ugomvi wetu, nilisikia kwenye sauti. "Wewe ndiye uliyesomea mawe," aliniambia. "Njoo uliangalie. Utakalosema ndilo litakalokuwa. Ukisema ni mali, mama yenu atasogezwa. Ukisema si kitu, hakuna atakayegusa pale mpaka na mimi niwekwe karibu yake."

Ndivyo uamuzi ulivyobaki juu yangu. Kazi yangu Mwanza ni kupima mawe ambayo watu wanatuletea maabara, na kwa miaka yote nimewaambia watu ukweli hata pale walipolia mbele yangu. Niliweka kwenye begi mizani yangu ndogo, lenzi, na uzi, nikapanda basi la asubuhi.

"Mwangaluka, baba," nilimsalimia.

"Mwangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu," nilimjibu, yaani salama tu.

Baba huniita mayu, yaani mama, kama wazee wetu wanavyowaita binti zao. Tangu mama afariki, neno hilo linanichoma kidogo kila nikilisikia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na kaburi, miguuni amevaa katambuga zake za tairi. Kaka alitoka ndani akiwa na jiwe limefungwa kwenye kipande cha khanga.

"Daktari wa mawe umefika," alisema akicheka. "Mgonjwa anakusubiri."

Sikucheka. Nilikaa chini juu ya bamba la jiwe ambalo mama alikuwa akiweka juu yake vikapu vyake, nikafungua kile kipande cha khanga. Nilipoliinua jiwe kwenye mwanga, moyo ulinidunda mpaka nikaogopa kwamba wataona. Lilikuwa na michirizi myembamba inayokwenda kwa urefu wake, na pembeni palikuwa pamebanduka kidogo, uso ule uliobanduka ukiwa sawa kabisa, unang'aa. Nilikuwa nimeliona jiwe la namna hiyo mara moja tu, chuoni, ndani ya sanduku la kioo, dogo kuliko punje ya mahindi.

Linaitwa yuklesi. Ni silikati, ndugu wa mbali wa mchanga tunaoukanyaga, ila ndani yake kuna beriliamu na alumini na maji kidogo yaliyofungwa humo tangu lilipozaliwa. Huzaliwa mwisho kabisa, wakati miamba ya itale iliyoyeyuka inapokaribia kupoa na maji ya moto yaliyobaki yanapita kwenye nyufa, yanakula mawe yaliyotangulia na kujenga mengine. Mahali pengi maji hayo hayaachi kitu cha maana. Na pale yanapoacha fuwele moja, mara nyingi yameacha nyingine kwenye mshipa huo huo. Kaka hakujua jina la jiwe, lakini hilo la mwisho alilijua vizuri.

"Pima," alisema, akachuchumaa mbele yangu.

Niliomba kikombe cha maji. Nililipima jiwe kavu: gramu kumi na nane na nukta sita. Kisha nikaweka kikombe juu ya mizani, nikairudisha kwenye sifuri, nikalining'iniza jiwe kwa uzi mpaka likazama bila kugusa chini. Mizani hapo inasoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Kwatzi, lile jiwe jeupe la kawaida lililojaa kila kilima cha kwetu, kwa uzito ule lingesukuma gramu saba. Nilikuwa naomba Mungu iandike saba. Iliandika sita.

"Sita ndiyo nini?" kaka aliuliza.

"Subiri, sijamaliza."

Kuzunguka kaburi la mama, vijana walikuwa wamepanga vipande vya kwatzi nyeupe vilivyotoka shimoni. Nilichukua kimoja, nikakikwaruza kwa ncha ya lile jiwe la bluu. Kama ni kwatzi kwa kwatzi, ni kazi kuchorana. Ncha ilipita, ikaacha mstari. Niliufunika kwa kidole gumba, nikajifanya napangusa vumbi, kisha nikapangusa kidole kwenye sketi. Kaka alikuwa ananitazama usoni, si mkononi. Nilishukuru kwa hilo.

Hapo, nikiwa nimekaa juu ya bamba la mama na jiwe mkononi, nilikumbuka gunia la pamba. Nilikuwa darasa la tano. Watu walikuwa wakiweka mawe na mchanga kwenye pamba ili iongeze uzito, na mimi nikaona sisi ndio wajinga, nikatumbukiza mawe mawili katikati ya gunia letu. Mama aliyagundua tukiwa tayari kwenye foleni ya mizani. Hakunipiga. Alilifungua gunia mbele ya watu wote, akamwaga pamba kwenye turubai, akanifanya niichambue upya, punje kwa punje, pamba safi huku, pamba fifi, ile chafu, kule, na watu wakipita wanatucheka. Tulirudi nyumbani giza linaingia. Njiani aliniambia neno moja tu: "Usinifanye mwongo."

Nililikumbuka hilo, na bado nikafungua mdomo.

"Ni kwatzi," nilisema.

Kaka alilitazama jiwe. "Kwatzi ya bluu?"

"Kuna uchafu wa madini mengine ndani yake. Ndio unaoipa rangi. Tunaletewa mengi."

"Na hiyo sita?"

"Ndiyo kwatzi hiyo."

Kaka alisimama, akazunguka, akarudi. Nilimjua tangu utotoni, akifikiri sana hutafuna midomo. Kisha alikwenda jikoni na kurudi na nyundo.

"Sikatai usomi wako," alisema. "Lakini mimi nimevunja kwatzi miaka tisa. Kwatzi inavunjika kama chupa, kwa mabonde na makali. Tulivunje tuone."

Waliolipa yuklesi jina lake walikusudia kusema kwamba linavunjika kirahisi, na linavunjika kwa namna moja: linapasuka katikati kwa uso ulionyooka, kama karanga inavyogawanyika. Pigo moja tu la kaka, na angeona uso laini ambao hakuna kwatzi duniani inayo. Angejua nimedanganya, na angejua chini kuna nini. Sururu ilikuwa hatua kumi kutoka pale.

"Lete," nilimwambia. "Nitalivunja mwenyewe."

Nililiweka juu ya bamba. Nakiri kwamba mkono ulisita. Kuna watu wanakufa katika kazi yangu bila kulishika jiwe kama lile, na mimi nilikuwa nalo peke yangu, limetoka chini ya mama yangu mwenyewe. Nilitaka kulia. Nikapiga.

Lilifunguka pande mbili, sawasawa kama nilivyoogopa, nyuso mbili zinang'aa juani. Kaka alikuwa ndio anainama. Nilipiga tena kabla hajafika chini, nikapiga tena na tena, vipande vikaruka, nikaendelea mpaka juu ya bamba pakabaki unga na chenga kama za chumvi ya mawe. Kaka alinishika mkono.

"We! Mbona unapiga hivyo?"

"Nimekasirika!" nilimpigia kelele. "Umenitoa kazini kwa ajili ya kwatzi! Umeleta sururu kwenye kaburi la mama kwa ajili ya kwatzi!"

Kukasirika nilikuwa nimekasirika kweli. Labda ndiyo sababu aliamini. Alipiga magoti, akachota unga, akautazama kiganjani, akatafuta kwenye majani kuzunguka bamba, hakuona cha kumwambia lolote. Alikuwa mchimbaji, na mchimbaji anaamini jambo moja kuliko yote: hakuna mtu anayejua mawe atakayesaga mali kwa mkono wake. Akapuliza ule unga ukaenda na upepo.

"Basi," alisema.

Alikaa chini karibu nami, bega kwa bega, kama tulivyokuwa tukikaa zamani kusubiri uji. Kikohozi kilimshika, akakohoa muda mrefu. Kilipomwachia alitabasamu, na tabasamu lile sijaweza kulisahau.

"Afadhali umesema wewe," aliniambia. "Angesema mtu mwingine nisingeamini."

Niliiweka nyundo chini.

"Nilikuwa nimejipa matumaini," aliendelea. "Nikasema labda sasa nakaa hapa, na mzee, na ng'ombe. Sikutaka kuingia shimoni tena. Lakini wenzangu wananipigia, wana shimo jipya kule. Wiki ijayo nitakwenda."

"Na hicho kifua?"

"Kifua kitazoea."

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Ingetosha kusema neno moja, naye angebaki juu ya ardhi, na kesho yake mama angefukuliwa. Nilitazama baba, nikitaka aseme yeye. Baba alikuwa anatazama miguu yake. Kaka akasimama, akachukua sururu na koleo, akavirudisha kwa jirani alikoviazima. Tulisikia akikohoa njia nzima hadi kwenye ua wa minyaa.

Nilianza kufungasha mizani yangu. Baba alinisubiri mpaka nikafunga zipu ya begi. Kisha akainua mguu wa kulia. Chini ya katambuga yake, umekandamizwa kwenye udongo, kulikuwa na ubapa wa bluu, mkubwa kama ukucha, uso wake umenyooka na unang'aa. Uliruka kwenye pigo la kwanza au la pili, na wakati kaka anapapasa kwenye majani, yeye alikuwa ameukanyaga.

"Hiki kilikuja kwangu," alisema.

"Baba, ulijua?"

"Mawe siyajui. Wewe nakujua. Ukidanganya unapangusa kidole kwenye nguo. Mama yako ndiye aliyenionyesha, siku ya lile gunia." Aliuokota, akaupangusa, akautazama kwa karibu kwa macho yake yenye ukungu. "Ni kizuri."

"Tumwite," nilisema. "Baba, tumwite arudi, tumwambie."

Aligeuka akatazama kaburi na duara la mawe meupe, kwa muda mrefu. Nilidhani anaomba. Kumbe alikuwa anapima.

"Huko anakokwenda," aliniuliza, "wanashuka chini kiasi gani? Wanapita kina hiki alicholala mama yako?"

Ningeweza kumdanganya na hilo. Lakini nilikuwa nimemaliza uongo wangu wote.

"Wanakipita mbali sana, baba."

Alitikisa kichwa. Akauweka ule ubapa kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaenda kuwanywesha ng'ombe maji. Wala hakuna kati yetu aliyemwita kaka.