Kochi amekubali mguu wake ukatwe, na mimi nikajisikia mwepesi

Ujumbe huu umetufikia kwa siri. Jina tumebadilisha, mengine ni maneno yake mwenyewe.

Salamu kwenu nyote. Mimi ni mama wa miaka thelathini na minane, niko Uvira, upande wa Kalundu. Nauza unga wa muhogo sokoni. Nina bwana na watoto wanne. Wa pili ni binti wa miaka kumi na tatu, tumwite Zaina. Huyo anapenda mupira kuliko kula.

Bwana yangu hakutaka acheze. Sisi ni Waislamu, na kwake mtoto wa kike na kaptula havikai pamoja. Kochi, mwalimu wao wa mupira, ndiye aliyekuja nyumbani, akavua viatu mlangoni, akaongea naye mpaka akakubali Zaina acheze na suruali ndefu na kitambaa kichwani. Kochi ni kijana wa Lubarika, Mkristo, hajaoa. Asubuhi alikuwa anabeba mizigo bandarini, jioni anafundisha mabinti wetu bila kulipwa chochote.

Mvua za mwaka jana walikwenda kucheza Sange. Wakati wa kurudi, gurudumu la basi dogo likapasuka, gari likaacha barabara na kulala ubavu kwenye shamba la mpunga. Kochi alitoka mzima, jamani. Mzima kabisa. Akahesabu watoto, akaona mmoja hayupo, akarudi ndani. Huyo mmoja alikuwa Zaina. Alimsukuma nje kupitia dirishani, na yeye alipokuwa anatoka gari likateleza tena, likamlalia mguu. Binti yangu alirudi nyumbani na mkwaruzo kwenye kiwiko, basi.

Mwanzoni tulikuwa wengi. Wazazi wa timu tulichanga, kanisa lake likachanga, wafanyabiashara wa msikitini kwetu nao wakachanga. Akapasuliwa mara mbili. Mfupa ukakataa kuunga, kidonda kikaanza kutoa usaha. Kadiri miezi ilivyokwenda watu wakapungua. Mama mmoja aliniambia, "Mama Zaina, shiye pia tuko na batoto ba kulisha." Sikumlaumu. Mwingine aliniona natokea njiani, akageuka na kuingia kwa jirani.

Sasa ni miezi tisa. Tumebaki mimi na mama yake mzee, ambaye hutoka Lubarika siku akipata nauli. Hospitalini mgonjwa anakula kile kilichotoka nyumbani, kwa hiyo kila siku napika, napeleka, nafua mashuka, na nikifika sokoni wateja wameshanunua kwa wengine. Bwana yangu si mtu mbaya. Lakini juzi alinikuta nimesinzia na sufuria mkononi, akasema, "Weye utakufa mbele yake. Hii asante haiishake?"

Wiki mbili zilizopita daktari alituita. Alisema njia ni mbili. Kumpeleka Bukavu kwa mtaalamu wa mifupa, apasuliwe tena, alale huko miezi, na barabara yenyewe mnajua ilivyo siku hizi. Inawezekana mguu ukapona, inawezekana usipone. Au ukatwe hapa, chini ya goti, mapema, kabla ugonjwa haujapanda. Kochi akaomba siku za kufikiri.

Ijumaa nilimkuta ameketi kitandani, amenyoa ndevu.

"Mama Zaina, ikala," akaniambia. Nikakaa. "Nimesema na dokta. Bakate."

"Kochi, usiseme hivyo. Na Bukavu?"

"Bukavu na nani? Minye nimechoka. Na weye umechoka. Niko nakuona kila siku. Ukifika hapa mulangoni, unasimama kwanza inje, unapumua, njo unaingia."

Ni kweli. Nilidhani haonekani mtu akisimama pale.

Akaniomba nisimwambie mama yake mpaka iwe imekwisha, maana mzee anaamini mwanawe atatembea. Na kwa kuwa ndugu lazima aweke sahihi, yeye alikuwa ameshatoa jina langu kama ndugu yake.

Sasa hapa ndipo aibu yangu ilipo. Nilipaswa kulia, au kumkatalia. Badala yake nilijisikia mwepesi, kama nimetuliwa gunia kichwani. Nilifikiri: nitalala. Nitafika sokoni mapema. Mtu amekaa mbele yangu anautoa mguu aliokuwa akibebea mizigo, mguu ulioingia kwenye lile gari kumfuata mwanangu, na mimi nawaza usingizi. Nikamwambia tu, "Kula, chakula kinapoa," nikatoka.

Haikuishia hapo. Jumamosi mzee mmoja wa msikitini alipita mezani kwangu sokoni. "Nimesikia habari ya Bukavu," akasema. "Safari ya kochi na ya mutu wa kumulinda, minye nitalipa. Ile ingine mutatafuta." Ile nyingine ni upasuaji, dawa, na miezi ya chakula kwenye mji ambao sina hata shangazi. Nikamshukuru. Nimekwenda hospitalini Jumamosi, nimekwenda Jumapili. Sijamwambia kochi.

Kesho asubuhi nangojewa niweke sahihi. Nikimwambia, najua atataka kujaribu, na mimi nitarudi kugonga milango ileile, na nyumbani sijui nitasema nini. Nikinyamaza, atakatwa mguu akiamini hakuna aliyejitolea. Zaina ananiuliza kochi atarudi lini uwanjani, namjibu Mungu anajua. Mungu anajua, na mimi pia najua.

Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Mlio macho sasa hivi, nijibuni kabla hakujakucha: nimwambie, au niweke sahihi ninyamaze?