Mbuzi Waliomfuata Bibi

Mwaka huu tumerudi, rafiki yangu. Kijiji chetu kipo kusini kidogo ya Namoto, karibu na mto wa mpaka na Tanzania. Siku ya kwanza nilikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Mibono aliyoipanda bibi iwe ua imekuwa miti mikubwa, mtu akisimama nyuma yake haonekani. Ndani ya ua mlikuwa kimya. Nilinusa nikiitafuta ile harufu ya mbuzi na majani mabichi. Nilisikia harufu ya udongo tu.

Nilikuwa mdogo bibi alipoanza kufuga. Alianza na majike mawili na beberu mwekundu. Kwetu shamba jipya huchomwa moto. Yeye alikataza moto. Kwetu ua hujengwa kwa fito za mikoko. Yeye aliuliza, mikoko ikiisha kaa watalala wapi? Akachomeka matawi ya mibono, yakashika. Banda aliliinua juu ya magogo ya minazi iliyokufa, akatandika sakafu ya mianzi yenye nafasi, samadi idondoke chini. Asubuhi mimi na mama tuliikusanya kwenye vikapu, bado ina joto, tukaipeleka kwenye mihogo. Mihogo ile ilikuwa minene kama paja. Bibi aliipika kwa tui na pweza mkavu, na sisi tulikomba sufuria kwa vidole.

Pweza alituletea jirani yetu, mvuvi, ambaye hakuweza kupita bila kutania.

"Mama, mbuzi umewapandisha kitandani, na sisi tunalala chini!"

"Njoo, mwanangu, nafasi ipo," bibi alimjibu. "Ila wenzio hawakoromi."

Mbuzi wake hawakujua kamba. Alisema mbuzi wa kamba hula pale pale mpaka ardhi inabaki upara. Kwa hiyo aliwahamisha, leo huku, kesho kule, majani yapate kupumzika. Aliwaita kwa kugonga ulimi kaakaani, nao wakamfuata mpaka kisimani, mpaka mlangoni akiswali. Hakuwapiga. Watu walisema hao si mbuzi, ni wajukuu. Kundi likakua, na wanawake wawili watatu wakaanza kuuliza mibono hupandwa vipi.

Halafu vita ikatufikia. Ilikuwa asubuhi, mbuzi wako malishoni, bunduki zikalia upande wa barabara. Tulikimbilia kichakani, sisi na jirani na mkewe na mtoto wao mchanga. Mbuzi walimwona bibi akikimbia, nao wakakimbia nyuma yake. Tulipolala chini walituzunguka, wakilia.

"Mama, mbuzi hawa watatuua," jirani alinong'ona.

"Najua."

"Tuwachinje."

"Utachinja wangapi kabla wengine hawajapiga kelele?"

Bibi aliwarushia mchanga. Walirudi nyuma kidogo, wakaja tena. Akaokota fimbo, akampiga beberu usoni. Beberu alisimama akimtazama, kisha akalia kwa nguvu zaidi. Tukasikia sauti za wanaume njiani.

Bibi aliinuka, akajifunga kanga vizuri. "Nyinyi nendeni mtoni," alimwambia mama. "Nikishawafungia bandani nitakuja."

Mama alimshika mguu. "Mama, waache!"

"Wao ndio hawaniachi."

Akagonga ulimi, akatoka kichakani. Mbuzi wakamfuata, mmoja nyuma ya mwingine. Vilio vyao vikaenda mbali, na zile sauti za njiani zikaenda upande ule ule. Mke wa jirani alimbana mtoto kifuani. Tuliondoka tukiinama, mama akiwa wa mwisho, akigeuka kila mara.

Namoto tulimuulizia kwa kila aliyefika. Mwanamke mmoja alisema ameona mbuzi barabarani, hawana mtu. Mitumbwi ilikuwa ikivusha watu kwenda Tanzania. Jirani alivuka. Mama alikaa mchangani, wala hakutaka kusimama, mpaka sisi watoto tukalia njaa. Ndipo tukavuka.

Yule mtoto mchanga sasa anakwenda shikola, darasa la kwanza. Watu wanarudi mmoja mmoja, na wanachoma majani kufungua mashamba, maana wana njaa na moto ni haraka. Siwalaumu. Asubuhi moshi huingia mpaka ndani ya nyumba.

Miaka yote mama alikataa bibi asomewe hitima. Alisema hakuna aliyemwona amekufa. Mwezi uliopita jirani alikuja, akakaa barazani. Siku hizi hatanii.

"Dada," alisema, "tumsomee."

"Haya," mama akasema.

Tulikaa mkekani, watu wachache. Mwalimu wa madrasa akauliza jina la marehemu na la baba yake. Mama alilitaja polepole. Mimi sikuwahi kulisikia. Nyumbani alikuwa bibi, kwa majirani alikuwa mama, na mimi sikuuliza zaidi. Nilinyanyua mikono pamoja na wenzangu, nikamwombea mwanamke mwenye jina lile, kama ninayemwombea mgeni.